Simu zikiwaka kichwa kinaniuma, na mume wangu haniamini

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 43, na naishi Kwa Mrombo hapa Arusha. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukifika huondoka na wageni kwenda Ngorongoro na Serengeti, na mara nyingi hukaa huko siku nyingi kabla ya kurudi nyumbani. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kibanda changu kiko kando ya barabara, na ukisimama mlangoni unauona mnara wa simu uliojengwa nyuma ya nyumba za majirani.

Tatizo langu lilianza mwaka juzi, muda mfupi baada ya mimi kufungua kibanda na mnara huo kusimamishwa. Kwanza nilikuwa nahisi joto kali kwenye sikio la kulia kila nilipozungumza na simu, kisha ganzi kwenye vidole vya mkono ninaoshikia simu. Baadaye kikafuata kichwa, ambacho huanzia kisogoni na kuzunguka hadi juu ya macho. Mwisho wa mwezi, wateja wanapopanga foleni na simu zangu zote nne ziko mezani zinaita na kuingiza ujumbe kwa pamoja, hupata kizunguzungu na moyo huenda mbio. Usiku usingizi haupatikani, na ukipatikana ni wa mang'amung'amu.

Nilikwenda zahanati nikapimwa malaria, haikuonekana. Presha waliniambia imepanda kidogo, wakanipa dawa za kutuliza maumivu na kunitaka nipumzike. Siku hizi dawa hizo nazinunua mwenyewe duka la dawa na kuzimeza karibu kila siku, kwa sababu bila hizo siwezi kufungua kibanda.

Baadaye mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa alitutumia video iliyoeleza kwamba wapo watu ambao miili yao haivumilii mionzi ya simu. Mshauri, niliitazama nikalia, kwa sababu kila dalili iliyotajwa ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo nimehama chumba cha mbele kinachotazamana na mnara, nalala chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Dirisha lake dogo nimeliziba kwa karatasi za foili kama video ilivyoelekeza, na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku unaijua, huingiza jiko la mkaa ili chumba kipate joto kabla sijalala. Nimeweka pia sheria kwamba ikifika saa mbili usiku simu zote za nyumbani zizimwe.

Ugomvi umeanzia hapo. Mume wangu akiwa porini hupata mtandao akishafika kambini usiku, na akipiga hanipati. Mwanzoni alilalamika tu, lakini sasa ananiuliza ninaficha nini. Mwezi uliopita alipokuwa nyumbani aliweka simu iliyowashwa chini ya godoro langu bila kuniambia. Usiku ule nilibahatika kulala. Asubuhi akaitoa simu ile mbele ya wifi yangu na watoto, akasema, "Mmeona? Ugonjwa wake ni wa kujitungia." Wote wakacheka. Sijawahi kuona aibu kama ile katika nyumba yangu mwenyewe.

Mama mkwe anasema nipelekwe kwenye maombi. Mama yangu mzazi, ambaye anaishi Meru, juu ya Nkoaranga, anasema nirudi kwake nikapumzike, kwa kuwa mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Moyo wangu unataka kwenda. Lakini kibanda ndicho kinachomsomesha binti yangu aliye chuoni na mdogo wake wa kidato cha tatu, kwa sababu kipato cha mume wangu hutegemea msimu. Nikifunga, watoto wataathirika. Nisipofunga, nitaendelea kuumia. Je, ni kweli mionzi inanidhuru, au ninajidanganya? Na nitaishije na mtu ambaye ameamua kwamba mimi ni mwongo?

Mama wa Kwa Mrombo, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla sijagusa maswali yako naomba nianze na jambo moja ambalo halina mjadala: jiko la mkaa litoke chumbani leo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika chumba kidogo ambacho dirisha lake limezibwa hewa hiyo haina pa kutokea. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ikizidi huua mtu akiwa usingizini. Hata likishaacha kutoa moshi, jiko halijawa salama. Sisemi kwamba ndilo chanzo cha matatizo yako, kwa sababu umeeleza kwamba yalianza kabla hujahamia stoo, lakini huenda limeongeza maumivu juu ya maumivu katika miezi ya baridi. Foili iondoe dirishani ili hewa ipite, na baridi ikizidi ongeza blanketi.

Sasa nirudi kwenye yale uliyoniuliza. Nikikuelewa vizuri, unaumwa kweli, umepata maelezo yanayokuingia akilini kuhusu kinachokuumiza, na maelezo hayo yanakudai uache kazi na uondoke nyumbani. Wakati huohuo mtu uliyetarajia akushike mkono amekufanya kichekesho mbele ya watoto wako. Umeniuliza kama mionzi inakudhuru, lakini naona chini ya swali hilo kuna jingine linalouma zaidi, nalo ni kama bado unastahili kuaminika. Nianze na hilo la pili, kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Maumivu yako ni ya kweli. Hakuna mtu anayejitungia kizunguzungu mbele ya foleni ya wateja wanaomlisha.

Hali uliyoieleza inajulikana, na watu wenye dalili kama zako wamechunguzwa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake mwezi Desemba 2005, mwaka mmoja baada ya wataalamu kukutana Prague kulijadili jambo hili, na maelezo hayo yana pande mbili ambazo watu hupenda kutaja mmoja na kuuacha mwingine. Upande wa kwanza unasema kwamba dalili hizi ni za kweli, na kwamba kwa baadhi ya watu ni kali kiasi cha kuwazuia kuendelea na maisha yao ya kawaida. Upande wa pili unasema kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha dalili hizo na mawimbi ya simu au ya umeme. Video uliyotumiwa huenda ilikupa upande wa kwanza peke yake, na mume wako amekupa wa pili peke yake, tena kwa kejeli.

Upande huo wa pili ulifikiwa kwa namna ambayo ningependa uifahamu, kwa sababu alichokifanya mume wako kinafanana nayo kidogo na kinatofautiana nayo sana. Watafiti huwaomba watu wanaosema wanaumizwa na simu, nao wakiridhia, huwekwa karibu na kifaa ambacho mara nyingine kinatoa mawimbi na mara nyingine hakitoi chochote. Mshiriki hajui ni ipi, wala anayemsimamia hajui. Mwaka 2005 James Rubin na wenzake wa King's College London walikusanya majaribio 31 ya aina hiyo, yaliyohusisha watu 725, na mwaka 2010 mkusanyo huo ulipohuishwa ulifikia majaribio 46 na watu 1,175. Kwa ujumla washiriki hawakuweza kutambua ni lini kifaa kilikuwa kinatoa mawimbi. Hata hivyo waliumwa, na wengine waliumwa sana. Tofauti ni kwamba maumivu yalikuja pia pale ambapo hakukuwa na mawimbi yoyote, mradi tu mtu aliamini kwamba yapo.

Naomba usilisome hilo kama hukumu dhidi yako. Mwili unaotazamia kuumia hujiandaa: misuli ya shingo hukaza, moyo huongeza mwendo, usingizi hukimbia, na maumivu yanayotokana na hayo ni maumivu yale yale ambayo mtu mwingine yeyote angeyapata. Mwaka 2013 Rubin na mwenzake Michael Witthöft waliwaonyesha baadhi ya washiriki filamu ya kutisha kuhusu madhara ya intaneti isiyo na waya, kisha wakawaambia wote kwamba chumba kina mawimbi hayo, ilhali hayakuwapo. Zaidi ya nusu ya washiriki walisema wamepata dalili, na walioathirika zaidi ni wale waliokuwa na wasiwasi tangu mwanzo kisha wakaitazama filamu ile. Ndiyo maana ningependa ujiulize taratibu, bila kujilaumu, dalili zako zilikuwaje kabla ya video na zikawaje baada yake.

Wapo wagonjwa wanaoyapinga majaribio haya wakisema kwamba saa moja katika maabara haiwezi kufanana na miaka ya kukaa karibu na mnara. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, ingawa inawabidi pia waeleze kwa nini wengi wao husema huhisi maumivu ndani ya dakika chache. Kuna jambo jingine ambalo huchanganywa na hili. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio, yakiwamo ya simu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwapo ulikuwa hafifu na haukutosha kufunga mjadala. Huo ni mjadala wa miaka mingi ya matumizi makubwa ya simu sikioni, na hauhusu kichwa kinachouma jioni hii.

Kuhusu mnara wenyewe, unaonekana mkubwa na unatisha, lakini mawimbi hupungua nguvu haraka kadiri unavyokwenda mbali nao. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango vya juu vilivyowekwa kimataifa, na kwamba mwili hufyonza mawimbi ya redio ya FM na televisheni hadi mara tano zaidi ya yale ya minara ya simu, yanapokuwa na nguvu sawa. Simu iliyo sikioni hukufikishia mawimbi mengi zaidi kuliko mnara ulio nyuma ya nyumba za majirani. Isitoshe, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi pale mtandao unapokuwa dhaifu. Kwa hiyo ukienda Nkoaranga na kuwapigia watoto kutoka huko, yaelekea simu yako itarusha mawimbi mengi zaidi kuliko ikiwa karibu na mnara unaoukimbia.

Kama hata baada ya haya mnara unaendelea kukukosesha raha, usibaki na dhana. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye dhamana ya usalama wa mionzi nchini, ikiwamo ile ya minara ya simu, na ina ofisi Njiro, ambako kutoka kwako si mbali. Wewe na majirani mnaweza kwenda kuuliza utaratibu wa kuomba eneo lenu lipimwe. Ila kabla hujaenda, jiulize utafanya nini ukiambiwa kwamba kiwango kiko chini. Ikiwa jibu hilo litakutuliza, nenda. Ikiwa unajua moyoni kwamba utasema wamekudanganya, kipimo hicho kitakuongezea wasiwasi, na pengine ni heri kuanza na daktari.

Na kwa daktari ndiko ninakoona umeachwa njiani. Umepimwa malaria na presha, ukapewa vidonge, basi. Nikiisoma barua yako naona mambo mengi yaliyoanza pamoja na mnara ule. Ulifungua kibanda. Ukaanza kukaa na kuinamia kioo kidogo cha kitochi kuanzia asubuhi hadi jioni, ukisoma namba ambazo ukikosea tarakimu moja pesa ya mteja inakwenda kwa mtu asiyemjua. Katika umri wako macho ya kusomea karibu huanza kuchoka, na kichwa kinachoanzia kisogoni na kuja machoni chaweza kutoka shingoni au machoni. Ganzi ya vidole vya mkono unaoshika simu kutwa yaweza kutokana na mishipa ya fahamu inayobanwa kwenye kiwiko au kifundo cha mkono. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, kipandauso, mabadiliko ya mwili kuelekea kukoma hedhi, yote haya huleta kichwa, mapigo ya moyo au kukosa usingizi, na yote yana namna ya kuchunguzwa.

Kisha kuna vidonge. Huenda hujawahi kuambiwa kwamba dawa za kutuliza maumivu zikimezwa mara nyingi mno huanza zenyewe kuleta kichwa. Kwa dawa za kawaida kama parasetamoli, kumeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kunatosha kumwingiza mtu katika mzunguko huo. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 zinatosha. Wewe umesema karibu kila siku. Nenda Hospitali ya Mount Meru, au ukipewa rufaa nenda hospitali ya KCMC kule Moshi, ukiwa na pakiti za dawa mkononi, na mweleze daktari yote, pamoja na jiko, bila kuanza na neno mionzi na bila kulificha pia. Yeye ndiye atakayekuongoza namna ya kuzipunguza dawa hizo, kwa sababu siku za mwanzo kichwa chaweza kuzidi kabla hakijatulia.

Kuhusu kufunga kibanda, naomba nikutajie Green Bank, mji mdogo ulioko West Virginia nchini Marekani. Kwa ajili ya darubini za redio za huko, yaani mitambo inayonasa mawimbi hafifu kutoka angani, tangu mwaka 1958 kuna eneo la takriban kilomita za mraba 34,000 ambamo matumizi ya mawimbi yamewekewa vizuizi, na wapo watu wenye malalamiko kama yako waliohamia huko. Baadhi yao husema wamepata nafuu, nami sina sababu ya kuwakatalia. Lakini nafuu hiyo waliinunua kwa kuacha kazi, ndugu na marafiki, na anayeishi hivyo huogopa zaidi kila anapolazimika kutoka. Wewe ukienda kwa mama kwa wiki chache kupumzika, ukala vizuri na kulala bila kelele za kibanda, huenda ukapata nafuu pia. Naogopa tu kwamba utasema ni kwa sababu ya mtandao hafifu, wakati ulichokipata ni mapumziko ambayo hujayapata tangu uanze kazi hii, na kisha utaona huwezi tena kurudi. Ukienda, nenda kama mtu anayepumzika na mwenye tarehe ya kurudi, na utafute wa kukushikia floti, hata kama ni kwa kugawana kamisheni.

Kati ya kufunga na kuvumilia kuna mambo ya katikati. Simu za biashara zinaweza kuwekwa mwisho wa meza na kuzimwa milio, ukibakisha moja tu ya kuita; mazungumzo marefu yapige kwa spika au kwa vifaa vya masikioni, jambo linaloiondoa simu sikioni na kulipunguzia joto. Weka taa nzuri kibandani, na kiti kitakachokuzuia kuinama. Ungepata pia mtu wa tiba ya mazungumzo hospitalini, ungefaidika: kwa watu wenye hali kama yako hiyo ndiyo tiba iliyoonyesha matumaini zaidi kuliko nyingine zilizojaribiwa, na kupelekwa huko hakumaanishi kwamba umeonekana kichaa. Kwenye maombi nenda ukipenda, mradi usiache hospitali.

Limebaki la mume wako. Alikukosea, na kosa lake si kutaka kujua ukweli. Ni kukupima bila ridhaa yako na kukuanika mbele ya watoto. Tena usiku mmoja hauthibitishi kitu, kwa sababu hata mtu mwenye maumivu ya kudumu hulala siku moja moja. Lakini ningekuomba umtazame na yeye kule kambini, amefika usiku amechoka, anapiga mara ya kwanza na ya pili, anasikia kwamba namba haipatikani, na hana mtu mwingine wa kumuuliza kama mko wazima. Sheria yako ya saa mbili wewe uliiweka ili kujilinda. Yeye ameisikia kama mlango uliofungwa. Mnaweza kukubaliana kwamba simu moja, hata ya mtoto, ibaki sebuleni imewashwa hadi muda mtakaoupanga, na nyinyi wawili muwe na saa yenu ya kuongea. Mwambie pia jambo la aibu ile, mkiwa wawili tu, akiwa amekaa na ameshakula. Mwambie ulivyojisikia, na uache suala la nani yuko sahihi kuhusu mionzi. Kisha mwombe akusindikize hospitali. Mtu aliyesikia kwa masikio yake daktari akisema kwamba mke wake anaumwa hatakuwa na sababu ya kutafuta ushahidi chini ya godoro.

Nisingependa uamue lolote kuhusu kibanda kabla hujaonana na daktari na kabla hujalala wiki kadhaa katika chumba chenye hewa. Anza daftari dogo: saa kichwa kilipoanza, ulikuwa umekula nini, ulilala vipi, ulimeza nini, na kibandani kulikuwa na shughuli gani. Usiandike simu peke yake. Daktari atalihitaji, na nami ningefurahi ukiniandikia tena ukinieleza alichokiona humo na alichosema kuhusu hizo dawa.

Mshauri wako